Nyumba za wazee wetu Tabora: Mali ya warithi au amana?

Ndugu msomaji, swali la makala hii sikulitunga mimi. Niliulizwa na mwanafunzi wangu hapa Tabora, baada ya kipindi cha mirathi. Tulikuwa tumemaliza kugawa mafungu ubaoni, wenzake wanakusanya madaftari, yeye akabaki mlangoni akinisubiri.

"Ustaadh, samahani," alisema. "Baba na baba mdogo wanataka kubomoa nyumba ya babu, ile ya udongo, wajenge fremu za maduka. Shangazi analia kila siku. Hivi kubomoa nyumba ya marehemu ni dhambi?"

Nilimjibu haraka haraka, kama tunavyofanya walimu kengele inapokaribia kulia. Nikamwambia: "Hapana, mwanangu. Mtu akifa mali yake ni ya warithi. Wakitaka kuijenga, kuiuza au kuibomoa, ni haki yao." Akasema, "Ahsante Ustaadh," akaenda zake.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilihisi nimemjibu nusu ya swali, na tena nusu iliyo nyepesi. Kwani shangazi analilia nini? Analilia udongo? Na je, ile nyumba haina haki yoyote kwa sisi wengine tunaopita mbele yake kila siku tukienda sokoni au msikitini? Hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu, kwani si la familia moja. Ni la mji wetu mzima, na ni la miji yote iliyozaliwa katika njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji.

Mji uliozaliwa na njia

Tabora tunayoijua leo ilianza kama kituo cha misafara. Burton na Speke walipofika mwezi Novemba 1857, mahali hapa waliita Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe. Hawakukuta pori. Walikuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wakiishi katika matembe makubwa, yaani nyumba za kuta za udongo na miti, paa bapa la udongo, na ua katikati. Mwenyeji wao, Snay bin Amir, aliwapokea kwa ukarimu ambao Burton mwenyewe aliusifu katika maandishi yake. Hapo ndipo njia zilipogawana: moja ikaenda magharibi hadi Ujiji na ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, baba yake alikuwa na makazi hapa hapa.

Njia ilipobadilika, miji nayo ilibadilika. Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, na Bagamoyo ikaanza kusinyaa. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mpwapwa na Kilimatinde, vituo vilivyokuwa na jina kubwa enzi za misafara, viliachwa pembeni ya reli. Ujiji, mji mama, ulimwona mdogo wake Kigoma akikua kwa sababu ya stesheni na bandari. Tabora ilipata bahati kwa kuwa reli ilipita kwake, na mwaka 1928 ikaongezewa tawi la kwenda Mwanza.

Basi mtu asidhani kwamba mji unabaki kwa sababu tu una historia. Mji unabaki kwa sababu watu wana jambo la kufanya ndani yake. Leo reli mpya ya kisasa inajengwa kuja kwetu. Mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora ulitiwa saini 2021, na ule wa Tabora hadi Kigoma 2022. Bei ya viwanja imeanza kusikika katika mazungumzo ya barazani. Ndiyo maana nyumba ya udongo ya babu, ambayo jana hakuna aliyeitazama, leo ina madalali.

Hesabu ya ubaoni

Sasa turudi kwenye mirathi, kwani humo ndimo ugonjwa wenyewe unamoanzia. Tuchukue mfano. Mzee amefariki, ameacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, mke anachukua thumni, yaani 1/8. Kinachobaki, 7/8, kinagawanywa, mwanamume akipata sawa na wanawake wawili. Kila mtoto wa kiume anapata 2/8 na kila wa kike anapata 1/8. Hesabu safi, haina hata baki. Kama nyumba ina vyumba vinane, kila mtu anajua vyumba vyake.

Lakini sisi hatugawi. Tunasema: "Mama bado yupo, tutagawaje?" Tunasema: "Tukigawa sasa watu watasema tuna tamaa." Miaka kumi inapita. Mtoto mmoja wa kiume anafariki, mama yake akiwa hai, ameacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike wawili. Sasa lile fungu lake la 1/4 linagawanywa tena: mama yake 1/6, mkewe 1/8, na watoto wanagawana 17/24 iliyobaki. Binti yake mmoja anapata 17/576 ya nyumba nzima. Katika nyumba ya vyumba vinane, hiyo haifiki hata robo ya chumba kimoja!

Wanazuoni wanaiita hali hii munasakhat, mirathi juu ya mirathi. Hicho ni kifo kimoja tu. Vikifika vitano, na warithi wakiwa wametawanyika Dar es Salaam, Mwanza, Mpanda na Muscat, nani atatoa fedha ya bati? Nani atakandika ukuta ili afaidi robo ya chumba? Kila mmoja anasubiri mwenziwe, na mvua haisubiri mtu.

Nasema haya si kwa kuwacheka wengine. Nyumba ya bibi yangu mzaa baba haijagawanywa hadi leo. Mimi ninayesimama ubaoni na chaki ni mmoja wa warithi wake. Mwaka wa mvua kubwa upande wa jikoni ulianguka, na nilichofanya ni kupiga simu mbili na kusema, "Tutakutana Idi." Idi ngapi zimepita! Basi mwanafunzi alipouliza, alikuwa ananiuliza mimi pia bila ya kujua.

Wenzetu wa Japani

Kuna nchi moja tajiri ambayo inaumwa ugonjwa unaofanana na huu. Japani ilifikia kilele cha watu wake mwaka 2008, takriban watu milioni 128, na tangu hapo wanapungua. Vijana wanahamia Tokyo na miji mikubwa, wazee wanakufa vijijini, na nyumba zinabaki na kufuli. Uchunguzi wa serikali yao wa mwaka 2023 ulikuta nyumba tupu takriban milioni 9, karibu 14 katika kila nyumba 100. Na ardhi ambayo mwenyewe hajulikani au hapatikani ilikadiriwa mwaka 2016 kufikia hekta milioni 4.1, yaani zaidi ya nusu ya mkoa wote wa Tabora.

Kwa nini mwenyewe hajulikani? Kwa sababu babu alikufa, watoto hawakuandikisha, wajukuu wakaongezeka, na jina kwenye daftari la serikali likabaki la mtu aliyezikwa zamani. Ni munasakhat ile ile, ila wao hawaiiti hivyo. Hatimaye, kuanzia Aprili 2024, sheria yao inamlazimisha mrithi wa ardhi kuandikisha urithi ndani ya miaka mitatu tangu ajue kuwa amerithi, na anayepuuza bila sababu anaweza kutozwa faini ya hadi yeni 100,000.

Tofauti yetu na wao ni moja, nayo inatuaibisha. Japani nyumba zinakufa kwa kukosa watu. Manispaa ya Tabora ilikuwa na watu wapatao 227,000 katika sensa ya 2012, na sensa ya 2022 ikakuta wamezidi 300,000. Watu tunao, tena wanaotafuta chumba cha kupanga. Nyumba zetu zinakufa huku wenyewe wakiwa hai na wengi. Hatuwezi kusingizia uchache wa watoto. Tunachokosa ni kukaa chini na kugawana kwa haki.

Utalii utatuokoa?

Wapo ndugu zetu wanaosema: tuzihifadhi nyumba hizi, watalii watakuja, fedha itaingia. Kweli jambo hili lina msingi. Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka UNESCO njia hii ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya mapendekezo, ikitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwihara ni hapa kwetu, nje kidogo ya mji, lilipo tembe ambalo Livingstone alikaa mwaka 1872 baada ya Stanley kumkuta Ujiji.

Lakini tusikimbilie. Katika kisiwa cha Hokkaido, Japani, kuna mji unaoitwa Yubari. Ulikuwa mji wa makaa ya mawe, na mwaka 1960 ulikuwa na watu karibu 117,000. Migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine, wa mwisho mwaka 1990. Viongozi wakasema utalii ndio mkombozi, wakakopa, wakajenga viwanja vya starehe na mahoteli. Wageni hawakutosha. Mwaka 2007 mji uliwekwa rasmi chini ya usimamizi wa serikali kuu kama mji uliofilisika, ukiwa na deni la takriban yeni bilioni 35. Huduma za wananchi zikapunguzwa, kodi zikapandishwa, na sensa ya 2020 ikakuta watu wapatao 7,300 tu. Hawa walijenga kwa ajili ya mgeni kabla ya kumtengenezea mwenyeji maisha.

Upande wa pili kuna kijiji cha Ogimachi, katika bonde la Shirakawa. Nyumba zao ni za mbao na paa refu la nyasi, na kuziezeka upya ni kazi ambayo mtu mmoja haiwezi. Mwaka 1971 wanakijiji walifanya umoja wao wakakubaliana mambo matatu: hatuuzi, hatupangishi, hatubomoi. Na kila paa likifika wakati wake, kijiji kinakutana kuezeka, kama ujima wetu wa zamani. UNESCO iliwakuta mwaka 1995 wakiwa wamekwishajitunza kwa zaidi ya miaka ishirini. Mgeni alikuja baadaye, akakuta nyumba yenye mwenyewe.

Tusisahau pia ya nyumbani. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika urithi wa dunia mwaka 2000, na bado Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib ilianguka na watu wawili wakafariki. Cheti cha UNESCO hakiwezi kushikilia ukuta. Ukuta unashikiliwa na fundi aliyelipwa kwa wakati.

Historia ya nani?

Kuna jambo jingine linalohitaji ukweli. Hii njia haikupita pembe za ndovu na vitambaa peke yake. Walipita binadamu waliofungwa. Ni kweli kwamba wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi huru waliofanya kazi kwa ujira, na mwanahistoria Stephen Rockel amelionyesha hilo kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa misafara. Ni fahari ya watu wa hapa na inafaa isemwe. Lakini ni kweli pia kwamba watumwa walipitishwa hapa, na kwamba baadhi ya wenye misafara walikuwa Waislamu, waliosali swala tano. Sultani Barghash alitia saini kufunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873, chini ya shinikizo la Waingereza.

Baadhi yetu tunaogopa kuzihifadhi nyumba hizi kwa sababu tunaona zinatushitaki. Wengine wanazitaka kwa sababu wanataka kutushitaki. Mimi naona kubomoa ukuta hakufuti kilichotendeka ndani yake. Qur'ani imetuamrisha mara nyingi kutembea katika ardhi na kutazama mwisho wa waliotutangulia. Utatazama nini kama umebomoa? Muislamu hahitaji babu asiye na kosa ili awe na heshima. Anahitaji kusema kweli, hata dhidi ya nafsi yake.

Na tazama: lile tembe la Kwihara linajulikana kwa jina la Livingstone, mtu aliyekuwa mgeni pale. Majina ya wenyeji waliompa nyumba, ya mafundi waliokanda udongo, ya wanawake waliompikia, hayaulizwi. Si kosa la Livingstone. Sisi wenyeji hatukuandika, wala hatukutunza kilichobaki. Anayeacha nyumba yake ianguke asilalamike kuwa historia imeandikwa na mpita njia.

Hoja ya baba wa mwanafunzi

Hata hivyo, tuwe waadilifu. Tumsikilize na baba anayetaka fremu. Atasema: "Ustaadh, nina watoto wanne wanaodaiwa ada. Paa linavuja. Nyoka tumeua wawili mwaka huu. Historia haiwashi moto jikoni." Maneno haya ni ya kweli. Haifai mtu aliyelala kwenye nyumba ya bati jipya amlazimishe mwenziwe akae kwenye tembe bovu ili mji uonekane una historia. Kama mji unataka ukuta ule ubaki, mji ushiriki kuushikilia. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya zamani, na hata milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Ni sheria nzuri. Lakini sheria inayokataza bila kusaidia humfanya maskini asubiri mvua ifanye kazi ambayo yeye amekatazwa kufanya.

Hapo ndipo nilipokikumbuka kisa cha Nabii Musa (a.s.) na Khidhr katika Suratul Kahf. Walifika katika mji wakaomba chakula, watu wakakataa kuwakaribisha. Mle mjini wakakuta ukuta unataka kuanguka, na Khidhr akausimamisha. Nabii Musa akashangaa: kwa nini usichukue ujira kwa watu wabahili kama hawa? Baadaye akaelezwa kwamba ukuta ule ulikuwa wa mayatima wawili, chini yake ipo hazina yao, na baba yao alikuwa mtu mwema. Ulisimamishwa ili wakue na kuichukua haki yao.

Tunakisoma kisa hiki kila Ijumaa, ndugu msomaji. Tumewahi kuuzingatia ule ukuta? Haukutengenezwa kwa sababu ulikuwa mzuri wala kwa sababu ulikuwa wa kale. Ulitengenezwa kwa sababu ulibeba haki ya watu wasioweza kujitetea.

Basi hapa ndipo nilipogundua nusu niliyoiacha. Mwanafunzi aliniambia "baba na baba mdogo", nami nikajibu "warithi", kana kwamba warithi ndio hao wawili. Na shangazi je? Shangazi ni binti wa marehemu! Ana fungu lake kamili, lililotajwa katika Suratun Nisaa, wala halikuachwa kwa hisani ya kaka zake. Mali ya shirika haiwezi kubomolewa na mshirika mmoja bila ya idhini ya mwenziwe. Huenda shangazi halilii udongo. Huenda analia kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Mimi mwalimu wa dini nami sikumuuliza.

Tufanye nini?

Kwanza, tugawe mapema. Familia imteue msimamizi, athibitishwe na mahakama, na warithi wote waandikwe majina, wanawake kwa wanaume, waliopo na walio mbali. Pili, mafungu yakijulikana, mmoja mwenye uwezo anunue ya wenziwe kwa bei ya haki, ili nyumba ipate mwenyewe mmoja anayeamka usiku mvua ikinyesha. Tatu, wenye uwezo na ridhaa waweke wakfu: chumba cha madrasa, nyumba ya mjane, maktaba ya mtaa, na msimamizi anayetoa hesabu mbele za watu. Nne, manispaa na wahisani wakitaka utalii, waanze na paa la mwenyeji, kisha bango la mgeni. Na tano, familia ikiwa haina budi kubomoa, kwa ridhaa ya wote, basi ipige picha, iandike nani alijenga na nani aliishi, na mlango wa kuchonga usiuzwe kwa dalali gizani.

Juma lililofuata nilimwita yule kijana. Nikamwambia: "Mwanangu, juzi nilikujibu nusu. Nenda nyumbani, msalimie baba, mwambie Ustaadh anauliza: shangazi amesemaje?"

Akanitazama kidogo. "Nitamwambiaje baba hivyo, Ustaadh?"

Nikamwambia sawa, nitakuja mwenyewe baada ya swala ya alasiri. Nilikwenda. Baba yake alinipokea vizuri, tukakaa kwenye mkeka uani, na shangazi akaitwa, akaja akakaa nasi. Mazungumzo yale ni ya familia, siyaandiki hapa. Nitasema tu kwamba shangazi alipopewa nafasi hakukataa fremu. Aliomba chumba cha mbele, alichozaliwa, kibaki, na fungu lake lihesabiwe.

Nikiwa njiani kurudi nilipiga simu kwa kaka yangu mkubwa. Safari hii sikusema Idi. Nilitaja tarehe.

Wallahu a'lam.